Dhahabu ya Kilwa Iko Lisbon: Siku Nne za Mwalimu wa Historia

Nimefundisha historia sekondari miaka ishirini na sita, na kila mwaka nikifika kwa Wareno husema maneno yaleyale. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani yetu. Mwaka 1502 akarudi na mizinga, akaitoza Kilwa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, Kilwa ikatekwa, Mombasa ikachomwa moto. Kengele inagongwa, tunafunga madaftari. Mwaka mmoja kijana wa dawati la nyuma, mtoto wa nahodha, akanyoosha kidole: “Mwalimu, ile dhahabu iko wapi sasa?” Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua: “Iliyeyushwa, ikaisha.” Darasa likacheka, akakaa.

Nilikosea. Kuyeyushwa iliyeyushwa, lakini haikuisha. Iko Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ndani ya kabati la kioo, na jina la Kilwa limeandikwa juu yake. Nilikuja kulijua hilo nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na tangu siku hiyo nilikuwa na deni la kwenda kuiona. Safari hii nililipa.

Kwa hiyo mkisoma mapitio haya mjue yameandikwa na nani. Sikwenda Lisbon kwa ajili ya ufukwe, wala keki zao za maziwa na mayai, ingawa nilizila. Nilikuwa na siku nne, magoti ya mtu anayekaribia kustaafu, na mpwa wangu anayesoma huko, kijana mvumilivu kuliko nilivyostahili. Aliponipokea uwanja wa ndege, baada ya shikamoo na kubeba begi, swali lake la kwanza lilikuwa: “Hivi mjomba, umepanda ndege mbili kuja kuangalia bakuli la dhahabu?” Nikamwambia si bakuli. Akasema sawa, si bakuli.

Siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilifika Jumapili usiku, na Jumatatu asubuhi, kabla hata chai haijatulia tumboni, nikamkokota hadi kwenye jumba la makumbusho. Mlango umefungwa. Makumbusho mengi ya serikali kule hufungwa Jumatatu, na monasteri ya Jerónimos vilevile. Mpwa alikuwa anajua, ila hakutaka kumkosoa mjomba wake mapema hivyo. Ukipanga safari ya siku chache, Jumatatu iweke ya kutembea mitaani.

Ndivyo tulivyofanya, na hapo ndipo nilipopata hasara ya pili. Tulinunua kwenye intaneti matembezi ya saa tatu pamoja na mwongozaji, ya kuzunguka mji mkongwe. Kampuni siitaji. Mwongozaji alikuwa kijana mcheshi, sauti nzuri, mwavuli wa njano juu ili tusimpotee, na nadhani kwa mtu anayetaka picha angefaa sana. Kwangu mimi hakufaa. Katika saa tatu tulisimama mara nne kununua kitu. Kila alipotaja bahari alisema “walivumbua”, na nilipomuuliza kwa adabu aliyevumbuliwa alikuwa amepotelea wapi, alicheka na kuinua mwavuli. Tulipofika uwanja wa São Domingos alipita moja kwa moja akitupeleka kwenye kiduka cha pombe ya cheri. Nikambakiza mpwa wangu na kundi, mimi nikarudi nyuma.

Nilirudi kwa sababu pale uwanjani kuna jiwe la kumbukumbu lenye nyota ya Daudi, liliwekwa mwaka 2008. Aprili 1506, siku za Pasaka, ndani ya kanisa la São Domingos palizuka ugomvi juu ya muujiza uliodaiwa kuonekana msalabani. Mtu mmoja wa jamii ya Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa akasema huenda ni mwanga wa mshumaa tu. Aliuawa, na mauaji yakaendelea siku kadhaa mjini. Wanaokadiria hutaja watu 2,000, wengine zaidi. Ndani, kanisa lenyewe ni la kutisha kwa namna yake. Liliungua mwaka 1959, na walipoezeka upya hawakuzifunika nguzo zilizopasuliwa na moto, kwa hiyo unatembea kati ya mawe yaliyobabuka kama mkate uliosahaulika jikoni. Nje, penye jua, wamekaa Waafrika, wengi wao kutoka Guinea-Bissau kwa jinsi nilivyosikia, wanauza, wanabishana, wanasalimiana. Kanisa hilihili karne tano zilizopita lilikuwa na udugu wa Wakristo weusi, Bibi Yetu wa Rozari. Nilikaa nao nusu saa. Hiyo nusu saa ilinifaa kuliko saa tatu za mwavuli.

Uukumbuke huo mwaka 1506. Nitaurudia.

Kuhusu mji wenyewe: Lisbon ni vilima, na njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinateleza kama sakafu yenye sabuni. Vaa viatu vyenye meno. Nilimwona mtalii mwenye ndala akishuka Alfama kwa kukaa chini. Alfama ni mtaa wa zamani chini ya ngome ya São Jorge, na jina lake ni la Kiarabu, lile lile lililotupa sisi hamamu, kwa sababu ya chemchemi za maji moto. Waislamu waliutawala mji huu mpaka mwaka 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka. Ngome nilipanda, nikaona mandhari, nikashuka. Sehemu kubwa ya kuta unazoziona zilijengwa upya karne ya 20, na mimi ukuta mpya haunisisimui hata ukiwa na meno juu.

Mtu wa Kiswahili ana starehe moja Lisbon ambayo wengine hawana: masikio yake. Umekaa mgahawani unasikia mhudumu anasema *mesa*, unageuka kuangalia meza. Kitambaa ni *lenço*, na wewe unafikiria leso. Foronya ya mto wanaiita *fronha*, bendera ni *bandeira*, mvinyo ni *vinho*. Lakini lililonisimamisha njiani ni kibao kilichoandikwa *igreja*, yaani kanisa, penye mshale. Kwetu neno hilo liligeuka gereza. Wajuzi wa lugha ndivyo wanavyolieleza, na ukienda Kilwa Kisiwani ile ngome iliyobomoka ufukweni mpaka leo inaitwa Gereza. Nilimweleza mpwa wangu pale pale njiani. Akasema, “Kwa hiyo mjomba, tangu asubuhi tunatembelea magereza.”

Ukishuka hadi mtoni unafika uwanja mpana unaoitwa Praça do Comércio. Wenyeji wengi bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa ikulu, ingawa ikulu haipo tangu tarehe 1 Novemba 1755. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa, mishumaa imewaka, na ardhi ikatikisika. Walionusurika wakakimbilia mtoni penye nafasi, maji yakarudi nyuma kisha yakaja juu yao. Halafu moto, siku kadhaa. Ikulu ilikwenda na maktaba yake. Pamoja nayo ilikwenda Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya ng'ambo, pilipili, pembe, dhahabu, na nyaraka zake.

Nilisimama katikati ya uwanja ule muda mrefu. Watu wanapiga picha sanamu ya mfalme José juu ya farasi, nami natazama vigae vya chini nikifikiria karatasi. Mtu anayefundisha historia ya pwani yetu anajua uchungu wa kukosa karatasi: nani alipokea nini kutoka Sofala, bandari ya dhahabu huko Msumbiji, kiasi gani, nani alitia sahihi. Mengi ya hayo yaliungua hapa hapa, chini ya meza za mikahawa.

Mji ulijengwa upya chini ya waziri Marquês de Pombal, mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, na ndani ya kuta waliweka kiunzi cha mbao mithili ya tenga ili nyumba iyumbe bila kuanguka. Ni kazi ya kustaajabisha na wapenda ujenzi watafurahi. Juu ya tao kubwa la mtaa wa Augusta wamesimamishwa mashujaa wao, na mmoja ni Vasco da Gama. Utamzoea. Daraja lao refu lililofunguliwa mwaka 1998, miaka 500 baada ya safari yake, lina jina lake. Kuna hata duka kubwa lenye jina lake.

Jumanne tulipanda tramu namba 15 kwenda Belém. Panda mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, la sivyo utasafiri umeshikilia mkoba wa mtu mwingine. Belém ndiko meli zilikong'oa nanga, na ndiko kumepangwa alama zote zinazochapishwa kwenye kadi za posta: monasteri, mnara mkongwe, mnara mpya. Siku moja inatosha, ikiwa hutapoteza muda kwenye foleni kama sisi.

Monasteri ya Jerónimos ni nzuri. Nilikuwa nimejiandaa kuikataa, kama mtu anayekwenda harusi ya mahasimu, lakini jiwe lilinishinda. Ni chokaa ngumu nyeupe wanayoiita *lioz*, inayogeuka rangi ya asali jua linapoipiga, na wachongaji waliifuma kama kofia ya vito: kamba za meli, mafundo, matumbawe, majani ya nchi za mbali. Nimepeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani mara nyingi, tukivuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko, na najua Msikiti Mkuu ule wa mawe ya matumbawe, kuba zake na nguzo zake, uliokuwa mkubwa na mzuri muda mrefu kabla huku hakujawekwa jiwe la kwanza. Sasa nikawa nimesimama chini ya dari la jiwe lililojengwa, pamoja na fedha nyingine, kwa asilimia tano ya biashara ya viungo na mali za Afrika na Mashariki. Mfalme Manuel wa Kwanza aliitenga kodi hiyo kwa ajili ya ujenzi huu. Unapotazama juu unatazama bili.

Kanisa na ua wa ndani ni sehemu mbili zenye milango tofauti, na foleni zao tofauti. Usifanye kosa la kuona moja ukadhani umemaliza. Ukiingia kanisani, kushoto karibu na mlango amelala Vasco da Gama, sanamu yake juu ya kaburi, mikono imekutana kama anaomba. Alifia Cochin nchini India mkesha wa Krismasi mwaka 1524, akazikwa huko, akarudishwa Ureno mwaka 1539, na kuletwa hapa karne ya 19 tu. Kulia yuko mshairi Camões, aliyeitaja Mombasa na Malindi katika utenzi wake. Watalii wanagusa jiwe kwa vidole. Sikugusa. Niligundua kwamba sikuwa na hasira niliyoitarajia. Nilikuwa na maswali, kama unavyokuwa nayo kwa mtu aliyemfahamu babu yako vibaya.

Usitoke bila kwenda mbele, penye makaburi ya wafalme. Jeneza la mawe la Manuel limebebwa na tembo wawili wa marumaru, ndovu wa India, masikio madogo. Mpwa alizunguka nyuma kuhakikisha kama wana mikia.

Ule mnara wa Belém, uliojengwa kati ya 1514 na 1519, unapendeza zaidi ukiwa nje. Ndani ngazi ni moja, nyembamba, ya kuzunguka, na kuna taa za kuruhusu watu kupanda na kushuka kwa zamu kama magari. Magoti yangu yalitoa uamuzi. Lakini tafuta nje, chini ya kibanda kimoja cha ulinzi, kichwa cha kifaru kilicholiwa na upepo. Mwaka 1515 kifaru hai aliletwa Lisbon kutoka India, Ulaya nzima ikashangaa, na fundi akamchonga hapo.

Halafu kuna Padrão dos Descobrimentos, mnara wa mabaharia wao, na juu ya huu nina maneno. Kwanza, si wa kale. Ulitengenezwa kwa muda kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1940, enzi za Salazar, dikteta wao, na huu wa kudumu ulisimamishwa mwaka 1960, miaka 500 tangu kifo cha mwanamfalme Henry. Una umbo la omo la merikebu, Henry mbele na chombo mkononi, nyuma yake wamepanda kwa mstari wengine 32, Vasco akiwa upande wa mashariki. Chini yake ardhini kuna dira kubwa ya mawe ya rangi, kipenyo mita 50, zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya wakati ule, yaani serikali ya ubaguzi. Katikati ya dira kuna ramani ya dunia. Watoto walikuwa wanaruka kutoka bara hadi bara. Nikatafuta pwani yetu, nikasimama juu yake kwa viatu vyangu vya meno, mpwa akanipiga picha ambayo mke wangu amesema nimekunja uso.

Wengi huniambia mnara kama huo hauna haja ya kutembelewa. Mimi nasema nenda, ila nenda na tarehe kichwani. Mwaka 1960 wanausimamisha wakiamini himaya ni ya milele. Mwaka 1962, Dar es Salaam, FRELIMO inazaliwa. Mwaka 1964 vita vya ukombozi vinaanza Msumbiji. Nikiwa mdogo redio ya baba haikuwa na habari nyingine. Na mwisho wa hadithi hiyo uko huko huko Lisbon, mwendo wa nusu saa kwa tramu, katika uwanja wa Carmo.

Carmo tulikwenda Alhamisi, lakini niiseme sasa. Ni monasteri ya mwaka 1389 ambayo tetemeko liliiangusha paa, na hawakulirudisha. Matao yamebaki peke yake kama mbavu, na ukikaa chini yake njiwa wanapita juu. Kwa uzuri mtupu, bila maelezo, ndiyo iliyonigusa kuliko majengo yote ya Lisbon. Nje ya mlango wake kuna kiwanja kidogo chenye miti, na kando yake kambi. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcelo Caetano alijifungia humo, vifaru na umati vimezunguka, mpaka akasalimu amri. Wanajeshi waliompindua walikuwa wamechoka na vita vya Angola, Guinea na Msumbiji. Mwaka na miezi miwili baadaye, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru. Nilimwambia mpwa wangu kwamba benchi lile ni mahali pa historia ya Afrika kama palivyo pa Ureno. Alikuwa amekaa juu yake anakula chungwa.

Sasa Jumatano.

Museu Nacional de Arte Antiga iko mtaa wa Janelas Verdes, Madirisha ya Kijani, ndani ya jumba la kale linalotazama bandari. Haiko kwenye njia ya watalii wengi, na hiyo ni heri. Asubuhi ile hatukufika watu kumi. Kuna mbao maarufu za Mtakatifu Vincent, za karne ya 15, zenye sura karibu 60 za watu wa Lisbon wakikutazama kana kwamba umechelewa kikao. Kuna viwambo vya Kijapani vinavyoonyesha Wareno wakishuka melini, pua ndefu, suruali zimevimba kama maputo, na kwenye kamba za milingoti watu weusi wanapanda. Nilisogea mpaka mlinzi akakohoa. Mbele ya viwambo vile unaweza kukaa saa nzima, maana kwa mara moja anayechorwa kama kioja ni Mzungu.

Nilimuuliza mlinzi mmoja, mzee mwenye miwani shingoni, kwa Kireno changu cha kuokoteza: *Custódia de Belém*? Hakunielekeza kwa kidole. Alinisindikiza.

Ni ndogo kuliko nilivyotarajia, kama sentimita 73. Wakatoliki huiita monstransi, chombo cha kuwekea Hostia, mkate wao mtakatifu, ili waumini waiabudu. Mimi ni Mwislamu, nilihitaji kuelezwa. Ina umbo la kanisa dogo jembamba lenye minara kama sindano. Katikati kuna kioo cha duara, na kukizunguka mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja si mkubwa kuliko kidole gumba, kila mmoja na uso wake na nguo yake ya rangi. Juu yao njiwa mweupe ananing'inia. Juu zaidi ni Mungu Baba kwa imani yao, na tufe mkononi. Chini kwenye tako kuna ndege, maua na matunda ya rangi, na shingo ya chombo imezungukwa na tufe za falaki, nembo ya Manuel. Fundi ni Gil Vicente. Hata ukichukia kila kitu kilichoileta dhahabu ile, mkono wa fundi huwezi kuuchukia.

Lakini mimi nilikwenda kusoma. Kwenye tako, kwa herufi ndogo zilizozunguka, maneno yanasema kwamba mfalme Manuel wa Kwanza, mkuu na mwenye nguvu, aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika mwaka 1506. Mwaka ule ule wa São Domingos. Neno lao la kodi hapo ni *párias*, malipo ya aliyeshindwa kwa aliyeshinda. Na Kilwa wameiandika kwa tahajia yao. Niliinama, nikatembea kuzunguka kabati kama mtu anayetafuta sindano, mpaka nikaikuta.

Niliisoma herufi moja moja. Vitabu vya kufundishia vinahitaji sura nzima kueleza jambo hili. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka hadi Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa waliokuwa na sarafu zao wenyewe. Mwaka 1502 amiri Ibrahim wa Kilwa akatishwa na mizinga mpaka akakubali kulipa. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni mithkali 1,500, mithkali ikiwa kipimo cha kale cha uzito wa dhahabu. Hapa yote yamo katika mstari mmoja, na aliyeyaandika ni mchukuaji mwenyewe, bila kificho, kwa fahari. Siku zote nimewafundisha watoto wasiamini chanzo kimoja. Huyu shahidi anajishuhudia.

Kando yangu mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Nikampisha asogee, naye akanipisha nikasogea, tukapokezana hivyo kimyakimya kwa muda. Mpwa wangu, ambaye siku tatu alikuwa akinitania juu ya bakuli, alikuwa amenyamaza. Mwishowe akauliza: “Mjomba, pale Kilwa penyewe kimebaki nini cha dhahabu?” Nikamwambia asijaribu hata kutafuta.

Basi tathmini yangu kwa mpenda historia ni hii. Ukiwa na siku moja tu Lisbon, acha mnara wa Belém kwenye picha. Asubuhi nenda Jerónimos kabla hawajafungua, mchana Janelas Verdes, jioni kaa Carmo. Ukiwa na siku mbili, ongeza São Domingos na Terreiro do Paço, na usilipe mtu mwenye mwavuli. Soma kabla ya kwenda. Mji huu unajibu vizuri sana ukiuuliza kitu mahususi, na usipouuliza utakulisha keki.

Alhamisi mchana, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, nilirudi makumbusho mara ya pili, peke yangu. Mlinzi yule yule alinikonyeza tu, akaniacha nipite. Kupiga picha bila mwanga kunaruhusiwa, nikapiga zile herufi, mkono ukitetemeka kidogo, nikamtumia yule kijana wa dawati la nyuma. Sasa ni baba wa watoto watatu, ana boti yake. Nikamwandikia: hii ndiyo ile dhahabu uliyoiuliza. Akanijibu kwa swali, kama kawaida yake: “Mithkali 1,500 ni kilo ngapi mwalimu?” Nikakaa kwenye benchi, nikapiga hesabu nyuma ya tikiti kwa gramu nne na robo kila mithkali. Kilo sita na ushee. Nikamtumia.

Alama mbili zikawa za bluu. Kimya. Nimeshapita ukaguzi, mkanda bado mkononi, simu ikalia.

“Lakini mwalimu, si ulituambia iliisha?”